Kiungo cha Taya: Picha ya Pande Tatu Inatuambia Nini?

Maumivu mbele ya sikio, taya linaloalika mtu akipiga miayo, sauti ya kusagika wakati wa kutafuna. Mtaalamu wa picha za kinywa na taya anajibu maswali ya wasomaji.

Daktari, osteoathritisi ya kiungo cha taya huharibu nini hasa?

Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua kinywa. Utahisi kichwa cha taya la chini kikizunguka, halafu kikiteleza kwenda mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani laini. Katika osteoathritisi, tishu inayofunika mfupa hulika, na mfupa wenyewe hubadilika umbo: hubapa, huchimbika, huota vinundu. Huu si ule ugonjwa wa baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, ingawa baridi yabisi nayo huweza kufika kwenye taya.

Kwa nini eksirei ya kawaida haitoshi?

Kwa sababu hulaza kila kitu kwenye bapa moja. Kichwa cha taya ni kidogo, kimekaa mshazari, na kivuli cha mifupa ya fuvu hukifunika. Shimo dogo linaweza lisionekane kabisa, mgonjwa akaambiwa yuko salama.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilianza kutumika mashine za CBCT, ambazo hurusha mionzi kwa umbo la koni huku zikizunguka kichwa na kupiga picha nyingi. Kutokana na picha hizo, kompyuta hujenga umbo zima la mfupa. Mionzi yake kwa kawaida ni michache kuliko ya CT ya hospitalini, lakini ni mionzi vilevile. Haipigwi kwa kutaka tu kujua.

Watafiti huzifanyia nini picha hizo?

Hutenganisha kichwa cha taya na mifupa mingine ndani ya kompyuta, kisha hutandaza nukta nyingi mno juu ya uso wake. Kila nukta hulinganishwa na mwenzake kwenye mfupa wa mtu mwenye afya, au wa mgonjwa huyohuyo miezi kadhaa baadaye. Picha za nyakati mbili hulazwa moja juu ya nyingine kwa kufuata kitako cha fuvu, ambacho kwa mtu mzima hakibadiliki sana. Hapo rangi huonyesha mfupa ulipopungua na ulipoongezeka.

Lucia Cevidanes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake wamefanya kazi kubwa katika eneo hili. Programu ya 3D Slicer, inayotumika katika utafiti wa aina hii, hutolewa bure. Kwangu hilo lina uzito mkubwa: chuo kisicho na fedha za leseni nacho kinaweza kuwafundisha vijana wake.

Mfupa ukilika sana, maumivu nayo huwa makali?

Si lazima. Wapo wenye picha ya kutisha wanaokula mahindi ya kuchoma bila shida, na wapo wanaoteseka ilhali mfupa wao ni mzima. Hata kwenye picha, si kila badiliko ni ugonjwa: vigezo vya kimataifa vya kutambua matatizo ya kiungo cha taya, viitwavyo DC/TMD na vilivyochapishwa mwaka 2014, huhesabu kuwa dalili mmomonyoko, vifuko chini ya gamba la mfupa, ugumu ulioenea na vinundu. Kubapa peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa. Kumpasua mtu kwa sababu ya picha tu ni kosa.

Na MRI?

CBCT huona mfupa. Tukitaka kuona kisahani au majimaji ndani ya kiungo, tunahitaji MRI.

Nikiandikiwa kipimo cha CBCT, nifanye nini?

Muulize daktari wako majibu yatabadilisha nini katika matibabu. Kama una ujauzito, sema mapema. Halafu omba faili zenyewe za picha, si karatasi iliyochapishwa, uzitunze. Ukirudi baada ya mwaka bila picha ya kwanza, hatutakuwa na cha kulinganisha.