Kibarua na Karatasi Yake

Waliofundishwa katekisimu ya zamani wakumbuka kwamba yako makosa manne ambayo Kanisa limeyatenga na mengine na kuyaita dhambi zinazolia mbinguni. La kwanza ni kumwua mtu kwa kusudi. La mwisho ni kumpunja mfanyakazi ujira wake. Tuliyakariri hayo utotoni pamoja na amri za Mungu na sakramenti saba, tukimjibu mwalimu kwa sauti moja. Lakini twakiri kwamba tumekuwa wepesi wa kuliogopa lile la kwanza na wazito wa kulikumbuka hili la mwisho. Ni wangapi kati yetu waliopata kupiga magoti kwenye kitubio wakasema, "Padre, nimemkalia mfanyakazi wangu mshahara wa miezi miwili"?

Juma hili twaandika juu ya kosa hilo la mwisho, na twaandika tukiitazama Kibaha na Kisarawe. Msomaji wetu wa Bukoba au wa Songea atauliza yamhusu nini. Kibaha ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, mwendo wa kilometa kama 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Kisarawe iko upande wa pili wa vilima vya Pugu. Miaka mingi nchi hiyo ilisifiwa kwa korosho, mihogo na mkaa, na Kibaha pia kwa Shirika la Elimu, kazi iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Skandinavia na kukabidhiwa serikali yetu mwaka 1970. Siku hizi njia yote ya Visiga, Mlandizi na Kwala ina viwanda: vya chuma, vya dawa, na vingine vingi. Na wanaofanya kazi humo si Wazaramo peke yao. Wamo vijana wa Bukoba na wa Songea, wamo wa Kigoma na wa Singida. Ni watoto wako, msomaji, uliowasindikiza kituo cha mabasi wakiwa na begi moja na baraka zako.

Kijana huyo huamka kabla ya mapambazuko, akasimama mbele ya lango la kiwanda pamoja na wenzake. Msimamizi hutoka, akachagua kwa kidole: wewe, na wewe, na yule mwenye shati la buluu. Waliochaguliwa huingia; waliobaki hurudi nyumbani bila nauli. Jioni aliyeingia hulipwa taslimu, au huambiwa malipo ni Jumamosi. Kesho ni hivyo hivyo, na mwezi ujao ni hivyo hivyo, hata mwaka ukapita. Ukimwuliza ameajiriwa na nani, hana jibu la hakika. Hana mkataba. Hana mchango katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Mashine ikimkata kidole, jina lake halimo katika daftari lolote. Viwanda vyote si vya namna hiyo, na wako matajiri waungwana tunaowajua. Lakini walio hivyo wapo, na si haba.

Hebu tulitazame jina lenyewe tunalomwita. Kibarua maana yake ni barua ndogo. Katika karne ya kumi na tisa, hapa pwani na Unguja, mtu aliyekodishwa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi na anadai malipo, na baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na sehemu ya ujira ule ilichukuliwa na bwana zao. Twaona haya kuliandika neno hili, lakini ni kweli: hata mtumwa wa wakati ule alitoka kazini na karatasi mkononi, na kibarua wetu wa leo ana jina la karatasi bila karatasi yenyewe.

Wazee wa Kisarawe hawahitaji kufundishwa gharama ya kazi isiyo na mapatano. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja katika nchi ya Uzaramo, watu wakafanyishwa kazi humo chini ya majumbe. Fedha za mavuno zilipogawanywa, fungu la waliolima lilikuwa dogo mno hata wengine wakakataa kulipokea. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipozuka, pamba ile ilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilianza kazi Kisarawe, katika shamba la zaidi ya hekta 8,000 zilizotwaliwa kutoka vijiji 11, kwa hati ya miaka 99, ili kupanda mibono ya kukamua mafuta ya mitambo. Wanavijiji waliahidiwa kazi, zahanati, shule, visima na barabara. Waliahidiwa kwa maneno. Mamia walipata kazi kweli, wakaacha majembe yao, wakashika mshahara wa mwezi. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika, shamba likapita mikononi mwa wengine, na karibu wote wakaachishwa kazi, isipokuwa walinzi wachache. Watu wa Mhaga walibaki wakilalamika kwamba hata mahali walipokuwa wakichota maji na palipo makaburi ya wazee wao hapafikiki tena. Hatusemi kwamba kila aliyeahidi alikusudia udanganyifu. Biashara hufilisika, nayo si dhambi. Twasema kwamba hati ya ardhi iliandikwa vizuri na kupigwa mihuri, bali ahadi kwa watu hazikuandikwa. Kampuni ilipoanguka, kilichoandikwa kilibaki na kisichoandikwa kikaenda na upepo.

Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu aliliona jambo hili zamani. Katika waraka wake wa Mei 15, 1891, alikataa hoja ya matajiri wa Ulaya waliodai kwamba ujira wowote ni halali maadamu mfanyakazi ameukubali. Papa alijibu kwamba mwenye njaa hakubali kwa hiari. Anakubali kwa kulazimishwa na njaa yake. Iko haki iliyo ya juu kuliko mapatano, nayo ni kwamba ujira umtoshe mtu mwenye kiasi kuishi. Akaongeza kwamba wafanyakazi wana haki waliyopewa na maumbile ya kuunda vyama vyao. Maneno hayo hayajazeeka. Papa wetu aliyechaguliwa Mei 8, 2025, alieleza kwamba alijiita Leo kwa kumkumbuka hasa huyo na waraka wake.

Katika nchi yetu mwaka 1955 una mahali pake. Mwaka huo Papa Pius wa Kumi na Mbili aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka huo huo vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana kuwa shirikisho moja, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa. Na mwaka huo huo mwalimu mmoja Mkatoliki wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, aliacha kazi yenye mshahara wa kila mwezi ili aitumikie TANU. Jina lake hatuna haja ya kulitaja.

Sheria zetu za leo, tukizisoma, zafanana na mafundisho hayo kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi tangu anapoanza: kazi gani, wapi, saa ngapi, ujira kiasi gani. Asiyeelewa maandishi hayo aelezwe kwa namna atakayoielewa. Anayeachwa nje ya kanuni hiyo ni yule tu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa juma, na inayozidi ilipwe mara moja na nusu.

Lakini yako mambo mawili ambayo twaomba kila baba na mama amwandikie mwanawe. La kwanza: shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha masharti yalikuwaje, si juu ya mfanyakazi. La pili: Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo yasema kwamba mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huhesabiwa kuwa mwajiriwa wake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kijana aliyechaguliwa kwa kidole kila asubuhi kwa mwaka mzima si mpita njia, ingawa anaambiwa hivyo.

Kijana atatujibu, naye atakuwa na haki: "Nikiomba karatasi kesho sitachaguliwa, nyuma yangu wako kumi." Hatuwezi kumwambia kwamba anakosea. Mtu mmoja langoni hana nguvu, ndiyo maana Papa Leo hakuishia kusema juu ya ujira, akasema pia juu ya vyama. Lakini liko jambo moja ambalo hata aliye peke yake aweza kulifanya bila kumwudhi mtu: anunue daftari. Kila jioni aandike tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, kazi aliyofanya, jina la msimamizi, fedha aliyopewa. Ujumbe wa malipo ya simu asiufute. Siku ya shida daftari hilo laweza kumsaidia mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wa Pwani ofisi yake iko Kibaha. Wala asikae akingoja: shauri la kuachishwa kazi lapaswa kupelekwa huko ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao kwa sababu walikwenda kwanza kijijini kupumzika.

Hapa twageuka kwa vijana wetu wa VIWAWA. Tukiuliza parokiani chama hiki hufanya nini, twajibiwa kwamba huimba, hucheza mpira, hupamba kanisa wakati wa Noeli. Ni vizuri. Lakini jina ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na hilo neno la mwisho halikuwekwa kwa ajili ya kukamilisha sauti. Chama kilianzishwa Ubelgiji na padre Joseph Cardijn, aliyekuwa mtoto wa watu wa kazi. Alipokuwa seminarini aliona wenzake wa shule wakiwa viwandani, wakimtazama kama mtu aliyekwenda upande wa matajiri. Na baba yake alipokufa amechakazwa na kazi, aliapa kuwapa wafanyakazi maisha yake yote. Mwaka 1925 chama chake kikasimama rasmi. Njia yake ilikuwa na hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliisifu katika waraka wake wa mwaka 1961, na mwaka 1965 Cardijn mwenyewe akafanywa kardinali.

Kuona, basi, si jambo kubwa. Jumuiya ndogondogo ya mtaa wa viwandani inapokutana kwa Injili, iulize ni nani hana mkataba, ni nani ameumia kazini, ni nani hajalipwa tangu mwezi uliopita. Majirani Waislamu waalikwe katika shauri hili, maana Kibaha na Kisarawe ni nchi yao kabla ya kuwa yetu, nao wamefundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka, kama Torati ilivyotufundisha sisi kutolaza ujira wake hata jua likachwa. Tume ya Haki na Amani ya parokia itafute mtu mmoja ajuaye sheria, aje mara moja kwa mwezi baada ya Misa. Walio tayari wajiunge na chama cha kazi yao: cha viwandani ni TUICO, cha mashambani TPAWU, cha mahotelini na majumbani CHODAWU. Twajua malalamiko juu ya vyama hivyo, kwamba hukata ada na viongozi wao hawaonekani; dawa yake ni kuingia na kuwachagua wengine.

Liko neno moja tulilokuwa tukilikwepa tangu tulipoanza kuandika. Mfano wa mwenye shamba la mizabibu twausikia kila mara, nasi hupenda kuhubiri juu ya wema wake kwa wale wa saa kumi na moja. Lakini angalieni alivyoanza: alfajiri, kabla hawajaingia shambani, alipatana nao ujira. Na jioni ilipofika akaagiza walipwe. Je, msichana aliyeletwa kutoka Singida akae nyumbani mwetu, apike, afue, alee watoto, alipatana na nani? Na mlinzi wa parokia? Na mpishi wa shule yetu? Na katekista ambaye kila mwaka twamwambia kwamba malipo yake yako mbinguni? Sheria ile ya mwaka 2004 haikuwaacha nje kwa sababu wanasali pamoja nasi. Karatasi moja yatosha kwa kila mmoja wao: jina, kazi, saa, siku ya mapumziko, ujira na tarehe ya kulipwa, na sahihi mbili chini. Yaweza kuandikwa Jumapili hii baada ya chakula cha mchana, nakala moja abaki nayo mwenye nyumba, na ya pili apewe yeye, aiweke katika sanduku lake.