Himma ya Kusoma Inapopoa

Baada ya darsa ya juma lililopita alibaki mzee mmoja, akangoja mpaka watu wakatawanyika, ndipo akasema lililomkaa moyoni. Kijana wake yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu huko bara. Amerudi nyumbani katikati ya muhula, wala hana sababu aisemayo ila kwamba akifungua kitabu macho yapita juu ya maneno na hapana kinachoingia. Ataka kupumzika mwaka mmoja. "Nikimkubalia nitakuwa nimempoteza," akasema mzee, "na nikimkatalia, naona atapotea mbele ya macho yangu." Swali hili si la nyumba moja, kwa hivyo tumeona tulijibu hapa.

Kwanza tuliweke kando lile neno tulipendalo mno, "uvivu". Mvivu akiachwa hufurahi. Kijana huyu ameachwa siku kumi, wala hafurahi. Hali vizuri, halali vizuri, na marafiki zake wakija humwambia mama yake aseme ametoka. Huo si uvivu.

Wala tusidhani kwamba jambo hili huwapata walioshindwa peke yao. Mwaka 1091 Imamu Ghazali aliwekwa kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, madrasa mashuhuri ya zama zile, naye umri wake ni miaka thalathini na kitu. Mwenyewe ataja kuwa wanafunzi wake walikuwa 300. Miaka minne baadaye, katika mwezi wa Rajabu, himma ikamtoka. Asimulia katika Al-Munqidh min al-Dhalal kwamba alipoichungua nia yake ya kusomesha aliikuta ni kutaka cheo na sifa. Kwa karibu miezi sita akawa avutwa huku na huku, asubuhi aazimia kuondoka, jioni azimio limevunjika. Kisha ulimi ukafungika: alijikaza asomeshe siku moja tu ili awaridhi wanafunzi, na neno lisitoke. Chakula nacho kikawa hakipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yameanzia moyoni.

Basi akaondoka. Lakini tazama alivyoondoka! Mali yake aliitoa, akabakisha ya kumtosha yeye na ya kuwalisha watoto wake. Ndipo akaenda Sham, kisha Baytul-Makdis, kisha Hija. Mwaka 1106 alirejea kusomesha, safari hii Nishapur, na asema kuwa hakurejea kwa nia ile aliyoondoka nayo.

Liko moja ambalo hatumwigi. Aliwaambia watu kuwa aenda Makka, hali moyoni azimio lake ni Sham, kwa kuchelea khalifa na sahibu zake wasije wakamzuia. Imamu alikuwa na udhuru wake. Lakini vijana wetu wangapi hufanya mfano wa hayo kila mwaka? Mtoto huacha kuhudhuria masomo, nyumbani hupiga simu akisema yote ni salama, ada zaendelea kutumwa, na mzazi hupata habari siku ya mahafali ambayo jina la mwanawe halimo. Wazazi, tusijitoe lawamani hapa: mtoto huficha kwa kujua atakalopokewa nalo. Mzee wetu, ikiwa kijana wako amekuja mwenyewe kukwambia kwa mdomo wake, hiyo ni amana, usimrushie usoni.

Sasa aulizwe kwa upole amechoka na nini, kwani dawa zatafautiana. Wako wanaosoma fani waliyopangiwa kwa alama zao, wala si waliyoipenda. Huyo akipumzika mwaka atarudi kwenye kitabu kile kile na chuki ile ile. Yamfaa aulize utaratibu wa kuhama fani, nao upo. Yuko mwingine aliyechoshwa na dhiki: analala na njaa, anafanya kazi usiku apate kodi ya chumba, asubuhi asinzia darasani. Huyo hakupoteza himma, amekosa msaada, na ni haya yetu sote. Na yuko aliye mgonjwa. Matabibu wa leo huhesabu majuma mawili: mtu akidumu muda huo na huzuni, au asione ladha ya kitu chochote, pamoja na usingizi au chakula kumharibikia, yataka aonwe na tabibu. Akiwa asema maneno ya kutamani kufa, hata siku moja isingojwe. Kisomo na dua asinyimwe, lakini visiwe kisingizio cha kutompeleka hospitali.

Ikionekana kwamba mapumziko ndiyo yatakayomfaa, basi yawe ya ruhusa. Vyuo vikuu vyetu vina mlango wa kuahirisha masomo: mwanafunzi huandika barua kwa mkuu wa kitivo, ataje sababu na muda, aambatishe cheti cha tabibu ikiwa ni maradhi, na asihesabu kuwa ameruhusiwa mpaka apate jibu la maandishi. Aliyeruhusiwa ana nafasi yake; aliyetoweka huhesabiwa ametoroka masomo, na kurejea kwake ni mlima. Ikiwa asoma kwa mkopo wa HELB, bodi nayo iarifiwe, kwani deni halilali kwa sababu yeye amelala.

Na huo mwaka awe na kazi ya kumtoa nyumbani asubuhi, hata ikiwa ni kukaa dukani kwa ami yake akiandika daftari la mali iliyoingia na iliyotoka.

Mzee alituuliza kama barua yaweza kungoja mpaka kijana atulie. Tulimwambia isingoje. Mitihani imebakiza majuma matano, na mwenye kuomba kabla ya mtihani husikilizwa kuliko aombaye baada ya kuukosa. Juzi walikaa wawili, baba na mwana, wakaiandika.