Mizuka ya Ngome za Ulaya: Nani Aliona, na Lini Iliandikwa?

Katika somo la mwezi huu tutazitazama hadithi za kutisha zinazosimuliwa juu ya ngome na majumba ya kale ya Ulaya. Wengi wetu tumezisikia: mwanamke mwenye nguo nyeupe anayepita ukutani, minyororo inayolia usiku wa manane, malkia asiye na kichwa. Wako wanaozicheka, na wako ambao wakizisikia hawathubutu kwenda nje peke yao. Sisi tusiharakishe kucheka wala kuogopa. Hebu tuulize kwanza maswali mawili ambayo hakimu mwema humwuliza shahidi: ni nani aliyeona, na maneno haya yaliandikwa lini?

Tuanze na ngome ya London, iitwayo Tower of London. Mwenye kuianzisha alikuwa Mfalme William, Mnormandi aliyeitwaa Uingereza mwaka 1066, na mnara wake mkubwa, White Tower, ulianza kujengwa yapata mwaka 1078. Ngome hii imekuwa jumba la wafalme, ghala ya silaha, mahali pa kupigia sarafu, hata zizi la simba na wanyama wengine wa mwituni. Lakini watu huikumbuka zaidi kwa kuwa ilikuwa gereza.

Mzuka wake unaotajwa kuliko yote ni wa Anne Boleyn, mke wa pili wa Mfalme Henry VIII. Husemwa kwamba hutembea pale akiwa amekishika kichwa chake kwapani. Tena husemwa kwamba kila mwaka, usiku wa tarehe 19 Mei, huwasili Blickling katika jimbo la Norfolk, ndani ya gari linalovutwa na farasi wasio na vichwa. Basi, nyumba ya Blickling inayoonekana leo ilianza kujengwa yapata miaka 80 baada ya kifo chake. Maskini malkia, hata mlango wa kuingilia asingeujua!

Tusiwafanye wote waliosimulia kuwa waongo, lakini. Tazama habari za Edmund Lenthal Swifte, mlinzi wa vito vya ufalme, aliyekaa na jamaa yake ndani ya ngome ile. Alieleza kwamba usiku mmoja wa Oktoba 1817, walipokuwa mezani wakila, aliona kitu kama bomba la kioo, nene kama mkono wa mtu, ndani yake mna maji meupe na ya samawati, likielea hewani kati ya meza na dari. Lilipita nyuma ya mkewe, naye akapiga kelele kwamba limemshika. Swifte akanyanyua kiti akalipiga, nalo likatoweka. Huyu alikuwa mtu wa heshima, wala hakuwa na faida ya kupata kwa kusema hivyo. Lakini alisema pia kwamba shemeji yake wa kike, aliyekuwa hapo hapo mezani, hakuona kitu. Na barua yake ilichapishwa mwaka 1860, miaka 43 baada ya tukio. Kila mmoja wetu ajiulize anakumbuka nini hasa kuhusu chakula cha jioni cha miaka 43 iliyopita.

Sasa tumrudie Anne, maana habari yake ya kweli inatisha kuliko ile ya kichwa kwapani, nayo imeandikwa siku kwa siku.

Tarehe 2 Mei 1536 alikamatwa akapelekwa ngomeni kwa mashua. Alishtakiwa kwamba amezini na wanaume watano, mmoja wao akiwa George, ndugu yake wa tumbo moja, na kwamba alikula njama ya kumwua mfalme. Kati ya hao watano, mmoja tu alikiri kuzini naye, naye ni Mark Smeaton, mpiga muziki, mtu asiye na ukoo wa kumtetea. Siku ya hukumu, tarehe 15 Mei, Anne aliketishwa mbele ya makabaila 26, na aliyeongoza baraza alikuwa mjomba wake mwenyewe, Duke wa Norfolk.

Hati ya mashtaka ilitaja tarehe na mahali pa kila kosa. Mwandishi wake bila shaka alidhani hati itapata nguvu kwa kutaja siku. Kumbe ndiko kulikoiharibu. Yasemwa, kwa mfano, kwamba Oktoba 1533 malkia alitenda dhambi huko Westminster. Lakini wakati huo Anne alikuwa Greenwich, na haikuwa imepita hata miezi miwili tangu amzae Elizabeth, tarehe 7 Septemba. Wanahistoria waliolinganisha tarehe hizo na kumbukumbu za safari za mfalme na jamaa yake wameona kwamba nyingi kati yake haziwezekani kabisa.

Hapa habari inaligusa Kanisa letu. Askofu Mkuu Thomas Cranmer, ambaye jina lake tunalijua kwa sababu ya Kitabu cha Sala, alimwandikia mfalme tarehe 3 Mei kwamba amestaajabu mno, maana hakuna mwanamke aliyemdhania mema kumpita Anne. Hata hivyo, tarehe 17 Mei, siku ile ile wanaume watano waliyouawa, Cranmer alitangaza kwamba ndoa ya mfalme na Anne ilikuwa batili tangu mwanzo. Lakini kama hapakuwa na ndoa, alizinije akiwa mke wa mfalme? Hakuna aliyelijibu swali hilo. Tarehe 19 alikatwa kichwa kwa upanga. Jeneza halikuwa limeandaliwa, wakamlaza ndani ya sanduku la mbao lililokuwa la silaha, wakamzika katika kanisa dogo la ngomeni, St Peter ad Vincula, ambamo ibada hufanyika hata leo. Tarehe 30 mwezi ule ule mfalme alimwoa Jane Seymour.

Ngome ya pili ni Čachtice, nchini Slovakia, ambayo zamani zile ilikuwa katika ufalme wa Hungaria. Wageni huambiwa kwamba mwenye ngome hiyo, Erzsébet Báthory, aliwaua wasichana 650 na kuoga katika damu yao ili asizeeke. Tuulize maswali yetu. Habari ya kuoga damu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1729 na padre Mjesuiti, László Turóczi, zaidi ya miaka mia baada ya mama huyo kufa. Mashahidi waliohojiwa mwaka 1610 na 1611, nao walikuwa zaidi ya 300, hawakuitaja. Na ile hesabu ya 650 ilitoka kwa shahidi mmoja, naye hakuiona kwa macho yake, ila alisema ameisikia kwa mwingine.

Haina maana kwamba hakuna wasichana waliofia pale. Mashahidi wengi walisema juu ya vipigo na mateso na mazishi ya haraka, na si rahisi kuyafuta hayo yote. Lakini tujue pia kwamba Mfalme Matthias alikuwa na deni kubwa kwa jamaa ya mama huyo, na kwamba watumishi wake walihojiwa kwa kuteswa. Watatu kati yao waliuawa Januari 1611, siku chache tu baada ya kukamatwa, wawili kwa kuchomwa moto.

Bibi mwenyewe hakufikishwa mbele ya hakimu hata siku moja. György Thurzó, mkuu wa serikali ya Hungaria aliyemkamata, alimfungia katika ngome yake mwenyewe, naye akafia humo tarehe 21 Agosti 1614. Ngome hiyo sasa ni magofu juu ya kilima, na watalii hupanda kuyatazama.