Mwenye Nyumba na Mjenzi Wake: Haki Zinazopotea kwa Kuoneana Haya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, somo letu la leo ni katika mlango wa ijara, yaani kumwajiri mtu kwa kazi maalumu na kwa ujira maalumu. Mlango huu husomwa katika darasa zetu, na wanafunzi huhifadhi masharti yake. Lakini mwanafunzi huyo huyo akirudi kwake, akamwita fundi amtengenezee nyumba, humwambia: "Wewe fanya kazi, sisi ni watu wamoja, tutaelewana." Basi masharti yote aliyoyasoma akayaacha pale msikitini pamoja na kitabu. Na mizozo mingi tunayoletewa kati ya wenye nyumba na wajenzi haikuzaliwa siku ya ugomvi. Ilizaliwa siku ya mapatano, walipooneana haya kusema na kuandika.

Tutautaja mmoja katika mizozo hiyo bila ya majina, kwani makusudio yetu ni mafunzo, wala si kumfedhehi mtu.

Kaka na dada walirithi nyumba ya baba yao katika Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko. Wakapatana na mkandarasi "aitengeneze" kwa shilingi 800,000, kazi na vifaa pamoja, wakampa 500,000 mbele. Hapakuandikwa herufi moja, kwa kuwa wazee wao walikuwa marafiki. Mkandarasi akabandua lipu ya kale ya chokaa, akapiga lipu ya simiti. Akaona boriti sita zimeliwa na mchwa, akazibadilisha bila ya kuuliza. Mvua za masika zilipopita, kuta zikatoka unyevu na chumvi, na lipu ikaanza kuachana na mawe. Wenye nyumba wakazuia shilingi 300,000 zilizobaki. Mkandarasi akazidai, akadai na 90,000 nyingine za boriti. Na katikati yao walikuwako vibarua wanne ambao kwa wiki tatu hawakupata kitu, jumla ya ujira wao ni shilingi 84,000, kila wakimwendea mkandarasi huwaambia: "Nikilipwa nitawalipa."

Katika mzozo huu mna mas-ala manne.

Mas-ala ya kwanza: ni kazi gani iliyoagizwa? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277 Miladia), ametaja katika Minhaj, kitabu ambacho wenye madhehebu ya Shafi hukitegemea, kwamba ni sharti ujira ujulikane na manufaa yanayokodiwa yajulikane. Sasa neno "itengeneze" linajulisha nini? Dada alikusudia nyumba irudi kama alivyoiacha baba yake. Mkandarasi alikusudia kuta zinyooke na zipendeze. Kila mmoja alibeba mkataba wake moyoni, na mikataba miwili isiyofanana si mkataba.

Wala tofauti ya chokaa na simiti si tofauti ya rangi tu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya maji kutoka ardhini na unyevu wa hewa ya baharini. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke na ukauke. Simiti ni ngumu na huziba njia, basi maji hubaki ndani ya ukuta, na chumvi hukusanyika nyuma ya lipu mpaka ikaisukuma na kuibandua. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu hawakutumia chokaa kwa ufakiri. Waliitumia kwa kuwa inapatana na jiwe lao.

Mas-ala ya pili: nani asadikiwe? Wenye nyumba wasema, "Tulitaka irudishwe ilivyokuwa." Mkandarasi asema, "Hamkunitajia chokaa." Mafakihi walikwisha kulizungumza jambo mfano wa hili. Amesema Nawawi katika kitabu hicho hicho kwamba fundi cherehani akikata kitambaa joho, akadai ndivyo alivyoamrishwa, na mwenye kitambaa akasema alitaka kanzu, basi kauli yenye nguvu ni kuwa asadikiwe mwenye kitambaa kwa kiapo chake, wala hana ujira juu yake, na fundi atalipa upungufu uliokipata kitambaa. Na hekima yake i wazi: mali ni yake mwenye mali, naye ndiye ajuaye idhini aliyoitoa.

Mkandarasi aweza kujibu: "Wao walikuwa wakiingia kila jioni, wakiiona mifuko ya simiti, wasiseme neno." Hoja hii si ya kupuuzwa. Kanuni ya Imam Shafi ni kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Lakini wanazuoni wakaongeza kuwa kunyamaza pale panapohitajiwa kusema ni kubainisha. Sisi twaona kwamba aliyehitajiwa kusema zaidi hapa ni mwenye ujuzi. Mwenye nyumba akiona mfuko wa simiti haoni ndani yake ukuta ulioloa maji. Fundi ndiye aliyepasa kumwambia: "Ukitaka chokaa ni ghali na itakawia kukauka, ukitaka simiti ni upesi, lakini madhara yake ni haya." Mtume (s.a.w.) alipopita kwa mwuza chakula, akatia mkono katika chungu ya nafaka na kukuta majimaji chini yake, hakumkubalia udhuru wa kuwa mvua ndiyo iliyoinyeshea. Alimwuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Na imepokewa pia kwake kwamba mwenye kujitia utabibu, naye hakujulikana kwa utabibu, hubeba dhamana ya anachokiharibu. Wanazuoni wakakisia kwa tabibu kila mwenye kujitia kazi asiyoijua.

Mas-ala ya tatu: boriti sita. Kwa asili, mwenye kufanya kazi asiyoagizwa huhesabiwa amejitolea, na hana haki ya kudai. Hapa wenye nyumba walifurahi wakidhani wamekwisha okoka. Twawaambia: ngojeni kidogo. Nawawi alipotaja mas-ala ya mtu aliyempa fundi nguo ashone bila ya kutaja ujira, alisema kwamba hana ujira, kisha akataja kauli nyingine kuwa fundi akiwa ajulikana kwa kuifanya kazi ile kwa malipo, atapewa, na akaashiria kwamba kauli hii yaweza kuonekana njema. Basi mtu alalaye chini ya boriti nzima, ilhali ya kwanza ingalimwangukia, si vyema afanye sharia kuwa pazia la kujifichia deni la insafu.

Mas-ala ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ingawa haikutajwa na mmoja katika wagomvi wetu mpaka tulipoiuliza sisi: vibarua wanne. Mkandarasi ndiye aliyewaajiri, na ujira wao umo katika dhima yake yeye, awe amelipwa au hakulipwa. Hakuwashurutia siku ya kwanza kwamba watangoja, basi hana ruhusa ya kuwashurutia siku ya mwisho. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, asimpe ujira wake. Ewe ndugu, ukishtakiwa na mwanadamu utatafuta wakili. Akiwa mshtaki ni Mola wako, utamtafuta nani?

Tukawaita wote katika suluhu, kwani Kurani katika Sura al-Hujurat imetuamrisha kupatanisha baina ya ndugu. Kila upande ukachagua fundi mmoja mzee ajuaye nyumba za kale. Mafundi wakasema kwamba boriti zilikuwa za lazima, bei yake ya haki ni 60,000 wala si 90,000, na lipu ya simiti haina budi kubanduliwa. Wakakubaliana hivi: vibarua walipwe 84,000 zao siku ile ile, mkononi mwao, kutoka katika zile 300,000, wenye nyumba waongeze 60,000 za boriti, mkandarasi apige upya lipu ya chokaa bila ya ujira mwingine, na gharama ya chokaa na mchanga wagawane nusu kwa nusu. Zikabaki shilingi 276,000, zikawekwa kwa mtu mwaminifu, atoe 92,000 kila sehemu moja ya tatu ya kazi inapokaguliwa na kukubaliwa. Hakuna aliyetoka na kila alichokidai, na hiyo ndiyo sura ya suluhu.

Huenda msomaji akauliza: kama wangalikataa suluhu, wangekwenda kwa Kadhi? Jawabu ni kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mkataba wa ujenzi haumo. Lakini kifungu cha 159 cha Katiba hiyo chahimiza upatanishi na usuluhishi. Na iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa iyamalize katika siku 60. Si haramu kuiendea kwa kutafuta haki. Ila ujue kwamba hukumu haiigeuzi haramu kuwa halali. Mtume mwenyewe, katika hadithi ya Ummu Salama, aliwatahadharisha wagomvi kwamba huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe, akahukumiwa haki isiyo yake, na huyo hakukatiwa ila kipande cha moto.

Basi ndugu zetu, kabla jiwe la kwanza halijabanduliwa, andikeni haya:

Kwanza, kazi yenyewe, chumba kwa chumba, na vifaa kwa majina yake: chokaa au simiti, boriti ya mkoko au mbao.

Pili, bei, na malipo yafuate kazi. Msitoe fedha nyingi mbele, wala msizuie fedha ya kazi iliyokwisha kukubaliwa.

Tatu, kwamba hapana kazi ya ziada ila kwa idhini iliyoandikwa na bei yake.

Nne, muda wa kumaliza, na muda wa kungojea kasoro, angalau masika moja yapite.

Tano, kwamba vibarua walipwe kila wiki, na mwenye nyumba aonyeshwe kuwa wamelipwa.

Sita, majina ya mashahidi wawili, na jina la atakayesuluhisha mkihitilafiana.

Tena mwulize mkandarasi kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kumwuliza si kumtukana.

Watu husema kwamba kuandikiana na rafiki ni kumshuku. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, nayo ni ya 282 ya Sura al-Baqara, haikushuka kwa ajili ya Swala wala Hija. Imeshuka kwa ajili ya kuandikiana madeni, na imeeleza kwamba kufanya hivyo ndio uadilifu zaidi, na ndiko kulikothibitisha zaidi ushahidi, na ndiko kulikoiweka mbali shaka. Tunaisoma aya hii kwa tajwidi nzuri. Na tuisome pia kwa kalamu na wino. Kaka na dada hawa na mkandarasi walioneana haya kwa muda wa dakika kumi, wakanuniana miezi saba, wakawa hata salamu msikitini hawapeani. Karatasi moja ingaliuhifadhi urafiki wa wazee wao.

Wabillahi tawfiq.