Nafasi ya Somo la Kiswahili katika Upangaji wa Mtaala wa Masomo Mbalimbali ya Shule za Msingi Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa masomo katika mtaala wa elimu ya msingi kwa mtazamo wa isimu. Hoja kuu ni kwamba masomo huunganishwa zaidi na lugha inayotumiwa kuyafundishia kuliko majina ya mada zake. Kwa kutumia mifano ya Hisabati, Sayansi na Historia, makala yanaonyesha kuwa miundo fulani ya sarufi ya Kiswahili hubeba dhana za masomo hayo. Yanapendekeza muhtasari wa Kiswahili upangwe baada ya kuchunguza mahitaji ya lugha ya kila somo.

1.0 Utangulizi

Mtaala wa elimu ya msingi nchini Tanzania umebadilishwa mara kadhaa tangu kutolewa kwa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Katika mabadiliko mengi, suala lililopewa uzito ni idadi ya masomo: yawe mangapi, yapi yaunganishwe na yapi yatenganishwe. Katika mtaala wa mwaka 2005, Historia, Jiografia na Uraia yalikuwa masomo yanayojitegemea. Mtaala wa mwaka 2016 uliyaweka maudhui ya Historia na Jiografia chini ya Maarifa ya Jamii, na kuanzisha Uraia na Maadili. Mtaala wa mwaka 2023, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umeleta Jiografia na Mazingira pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili.

Mabadiliko hayo yana sababu zake, na si kusudi la makala haya kuyapinga. Hata hivyo, kuunganisha masomo mawili katika kitabu kimoja hakuhakikishi kwamba mwanafunzi atayaunganisha akilini mwake. Vilevile, kuyatenganisha hakuzuii dhana za somo moja kutegemea somo jingine. Makala haya yanatetea hoja kwamba kiungo kinachoyapitia masomo yote ni lugha ya kufundishia, ambayo katika shule nyingi za msingi za Tanzania ni Kiswahili. Ikiwa ndivyo, muhtasari wa Kiswahili hauwezi kuandikwa kana kwamba masomo mengine hayapo.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Ralph Tyler, katika kazi yake ya mwaka 1949 kuhusu misingi ya mtaala, alitaja vigezo vitatu vya kupanga maarifa: mwendelezo, mfuatano na muungano. Viwili vya kwanza huhusu mpangilio wa wima, yaani namna somo linavyokua kutoka darasa moja hadi jingine. Cha tatu huhusu mpangilio wa ulalo, yaani namna yale yanayofundishwa katika somo moja yanavyohusiana na yale yanayofundishwa katika masomo mengine wakati huohuo. Mwaka 1960 Jerome Bruner alikuza wazo la mtaala wa mzunguko, ambapo dhana ileile hurudiwa katika ngazi za juu kwa kina zaidi. Kazi hizo hufafanua wakati wa kufundisha dhana, lakini hazielezi kwa undani lugha ambayo mwanafunzi atahitaji ili kuipata.

Pengo hilo liliguswa mwaka 1974 katika kongamano la UNESCO lililofanyika Nairobi kuhusu uhusiano wa isimu na elimu ya hisabati. Hapo M. A. K. Halliday alifafanua dhana ya rejesta ya hisabati. Kwa maelezo yake, rejesta hiyo haifanywi na istilahi peke yake. Inajumuisha pia miundo ya sentensi na namna za kujenga hoja. Mwaka uliofuata, ripoti ya Kamati ya Bullock nchini Uingereza ilipendekeza kila shule iwe na mwongozo wa lugha unaohusisha masomo yote. Inafaa kukumbukwa kwamba kongamano la Nairobi lilifanyika katika ukanda huu, wakati Tanzania ilikuwa tayari inafundisha masomo ya msingi kwa Kiswahili. Juhudi kubwa za miaka iliyofuata zilielekezwa kwenye istilahi, na matunda yake yanaonekana katika kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Upande wa miundo haukupata uangalizi wa kiasi hicho.

3.0 Mahitaji ya Lugha katika Masomo

3.1 Hisabati

Mafumbo ya Hisabati hutegemea sana mnyambuliko wa vitenzi. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Asha aliwagawia wadogo zake 3 machungwa 12 sawasawa. Kila mmoja alipata machungwa mangapi?
b. Asha aligawana na wadogo zake 3 machungwa 12 sawasawa. Kila mmoja alipata machungwa mangapi?

Tarakimu zilizomo katika (1a) na (1b) ni zilezile, na mzizi wa kitenzi ni uleule. Hata hivyo, jibu la (1a) ni 4 na la (1b) ni 3. Katika (1a), kauli ya kutendea inamweka Asha nje ya wapokeaji. Katika (1b), kauli ya kutendana inamwingiza ndani yao, hivyo wagawanaji wanakuwa 4. Mwanafunzi anayetafuta tarakimu mbili na neno lenye mzizi -gawa- atagawanya 12 kwa 3 katika mafumbo yote mawili, na atakosa la pili. Kosa lake ni la mofolojia, wala si la kugawanya.

Mfano wa pili unahusu mzizi -zidi:

(2) Bei ya kilo ya sukari imezidi bei ya kilo ya unga kwa shilingi 1,000. Kilo ya sukari ni shilingi 3,000. Kilo ya unga ni shilingi ngapi?

Tendo linalotakiwa hapa ni kutoa. Lakini darasani mwanafunzi amekutana na mzizi huo hasa katika kuzidisha, na katika mazungumzo ya kawaida kuzidi huleta wazo la kuongezeka. Sarufi ya kauli ya kutendesha ndiyo inayotenganisha zidi na zidisha. Mwalimu wa Hisabati asiyetambua jambo hilo atampa mwanafunzi mazoezi zaidi ya kutoa, ilhali kutoa anakujua.

3.2 Sayansi

Katika Sayansi, viambishi vya njeo na hali hutofautisha aina za kauli za kisayansi:

(3) a. Maji yalichemshwa, yakageuka mvuke.
b. Maji yakichemshwa, hugeuka mvuke.
c. Maji haya yangechemshwa, yangegeuka mvuke.

Sentensi (3a) ni taarifa ya tukio moja lililoshuhudiwa. Sentensi (3b) ni kanuni inayohusu maji kwa jumla, na (3c) ni dhana juu ya jambo ambalo halijatendeka. Kwa maneno mengine, safari ya kutoka kwenye jaribio hadi kwenye hitimisho ni safari ya kutoka -li- na -ka- hadi -ki- na hu-. Mwanafunzi anayeandika hitimisho la jaribio kwa kutumia -ka- hajatoka kwenye masimulizi. Kwa desturi, -ka- hufundishwa pamoja na hadithi na hu- hufundishwa pamoja na mazoea ya kila siku, kama vile baba huamka mapema. Matumizi ya hu- katika kutaja kanuni ya maumbile huachwa mwanafunzi ayagundue mwenyewe.

Kuna pia tatizo la neno moja kubeba dhana mbili. Katika maisha ya kawaida na katika vipimo vya Hisabati, mwanafunzi huzoea kutaja uzito kwa gramu na kilogramu. Katika Sayansi atafundishwa kwamba kinachopimwa kwa kilogramu ni tungamo, na kwamba uzito ni kani inayopimwa kwa nyutoni. Neno kazi lina hali hiyohiyo. Mama aliyesimama kituoni na ndoo ya maji kichwani anafanya kazi kwa maana ya nyumbani. Kwa maana ya fizikia, hafanyi kazi juu ya ndoo hiyo maadamu haisogei. Tofauti hizo si kasoro za Kiswahili, kwani lugha nyingi zinazo. Kasoro huingia pale somo moja linapofundisha maana moja na somo la pili maana nyingine bila yeyote kumwonyesha mwanafunzi mpaka uliopo baina yake.

3.3 Historia

Katika Historia, jambo muhimu ni kutofautisha mfuatano wa matukio na sababu zake. Sentensi isemayo kwamba Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 baada ya wananchi kulazimishwa kulima pamba hutaja wakati. Ikiwekwa kwa sababu ya badala ya baada ya, inakuwa hoja inayohitaji ushahidi. Viunganishi kama vile kwa hiyo, ilhali, ingawa na licha ya ndivyo vyenzo vya somo hili. Mwanafunzi asiyevimudu hubaki na orodha ya tarehe.

4.0 Kasoro ya Muungano wa Mada

Njia iliyozoeleka ya kuunganisha masomo ni kuchagua mada moja, kama vile maji au shamba la shule, na kuitumia katika masomo yote. Njia hii ina historia nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa shule ya jamii ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ulijaribu kujenga masomo juu ya mahitaji ya kijiji. Faida yake ni kwamba mtoto huona maana ya anachojifunza. Udhaifu hutokea pale muungano unapoishia kwenye jina la mada. Mwanafunzi anaweza kuimba wimbo wa maji katika Kiswahili, kujumlisha lita za maji katika Hisabati na kuchora mto katika Jiografia, bila somo lolote kumwandalia uwezo unaohitajiwa na lingine.

Shamba hilohilo linaweza kupangwa vingine. Wanafunzi wanapima vitalu na kulinganisha mavuno kwa kutumia zaidi ya, pungufu ya na mara mbili ya. Wanaandika kumbukumbu za kila wiki kwa -li- na -ka-. Kisha wanatoa kanuni kuhusu mbolea na ukuaji kwa -ki- na hu-. Katika mpango huo, kipindi cha Kiswahili kinafundisha uandishi wa taarifa wiki moja kabla ya Sayansi kuuhitaji. Mada imebaki ileile, lakini kiungo sasa ni uwezo unaojengwa.

5.0 Pendekezo la Upangaji

Kutokana na uchambuzi huu, hatua zifuatazo zinapendekezwa:

(a) Wakuza mitaala wa kila somo waorodheshe miundo ya lugha, aina za matini na istilahi zinazohitajiwa na kila mada.

(b) Orodha hizo ziwekwe katika jedwali moja kwa darasa na muhula, ili mgongano na urudiaji uonekane.

(c) Muhtasari wa Kiswahili uandikwe baada ya jedwali hilo. Kwa mfano, mafumbo ya kugawanya yatanguliwe na mazoezi ya kauli za kutendea na kutendana. Mwanafunzi si lazima ajue majina ya kauli hizo. Inatosha ajue nani anatenda na nani anapokea.

(d) Pale neno linapobeba dhana mbili, miongozo ya walimu wa masomo yote mawili iitaje tofauti hiyo.

(e) Upimaji utenganishe kosa la lugha na kosa la dhana. Mwalimu anaweza kutoa swali lilelile kwa alama na kwa maneno. Anayepata 12 ÷ 4 na kukosa (1b) anahitaji msaada tofauti na anayekosa yote mawili.

Hatua ya mwisho ina uzito wa pekee. Mtoto anayekosa mafumbo kwa sababu ya lugha huhesabiwa kuwa hajui Hisabati, na hukumu hiyo humfuata hadi mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpango huu utakifanya Kiswahili kuwa mtumishi wa masomo mengine na kuifukuza fasihi. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kinachopendekezwa kinahusu mpangilio wa sarufi na utungaji. Hakigusi vipindi vya hadithi, methali, vitendawili na ushairi. Isitoshe, hadithi ndiyo shule bora ya -ka- na -nge-, na kitendawili humzoesha mtoto kutafuta sifa bainifu za kitu.

Pili, inaweza kudaiwa kwamba mtoto Mtanzania anakijua Kiswahili tayari. Hali hiyo hutofautiana. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani huja na lugha ya Kibantu yenye kauli za kutendea na kutendana zinazofanana na za Kiswahili. Anayezungumza Kiiraqw au Kimaasai huja na mofolojia tofauti. Hata mtoto wa mjini anayesema Kiswahili tangu utotoni hajazoea lugha ya kanuni na ushahidi.

Tatu, ipo hoja kwamba jitihada hizi hupotea mwanafunzi anapoingia sekondari, ambako hufundishwa kwa Kiingereza. Jibu ni kwamba tofauti baina ya tukio na kanuni, au baina ya wakati na sababu, ni tofauti ya mawazo kabla ya kuwa ya lugha fulani. Aliyeipata kwa Kiswahili atatafuta maneno mapya ya jambo analolijua. Asiyeipata atatafuta maneno na jambo lenyewe kwa pamoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba viambishi na viunganishi ambavyo kwa kawaida huachiwa kipindi cha Kiswahili ndivyo vinavyoamua kama mwanafunzi atapata jibu sahihi katika Hisabati, hitimisho katika Sayansi na hoja katika Historia. Utekelezaji wa mtaala ulioanza mwaka 2024 unatoa fursa ya kuliangalia suala hili upya. Utafiti wa darasani unahitajika ili kubaini ni miundo ipi huwatatiza wanafunzi wa kila darasa na wa kila eneo la lugha. Kazi hiyo ni ya wanaisimu na walimu wa masomo yote kwa pamoja.