Jinsi ya Kufungua Pedeli ya Mafuta Nyumbani kwa Usalama

Huku Ntalikwa kiangazi ni vumbi tupu, na vumbi hilo huishia miguuni pa dereva. Pedeli ya mafuta ikiwa nzito, au ikichelewa kurudi unapoinua mguu, ahirisha safari ya Tabora mjini. Mimi huifungua nyumbani hivi.

Kwanza toa kapeti. Kapeti iliyosogea hubana pedeli. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Toyota kuyaita mamilioni ya magari yake mwaka 2009 na 2010. Kama tatizo ni hilo tu, huna haja ya spana.

1. Egesha mahali tambarare. Zima injini, toa ufunguo, vuta handibreki na uweke mawe kwenye magurudumu. Injini ipoe.

2. Fungua waya wa hasi wa betri na uuweke mbali. Mara nyingi spana namba 10 inatosha.

3. Inama na tochi utambue aina ya pedeli. Magari ya zamani yana waya wa eksileta. Mapya yana soketi ya umeme, kwa kawaida yenye nyaya sita, kwa sababu ndani mna sensa mbili zinazohakikiana.

4. Kwenye waya: ulegeze upande wa injini, kisha uchomoe kichwa chake kwenye mkono wa pedeli. Ukiona nyuzi zimekatika, nunua mpya, usiuunge. Kwenye soketi: bonyeza kifungio na uvute soketi yenyewe, usivute nyaya.

5. Fungua bolti au nati zinazoshikilia pedeli. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Pedeli ya sensa usiipasue wala kuipaka grisi. Ikiharibika hubadilishwa nzima.

Baada ya kuirudisha, kabla ya kuunga betri, ikanyage hadi mwisho na uiachie mara nyingi. Lazima irudi yenyewe, haraka, bila kusitasita. Kisha unga betri na uwashe gari likiwa nyutro na handibreki juu, upige resi kidogo. Injini isiposhuka mara moja, au taa ya injini ikiwaka, zima na umwite fundi aje hapo hapo.

Na pedeli ikikukwamia barabarani: kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, weka nyutro, simama pembeni, ndipo uzime injini. Mfundishe hivyo kila anayeendesha gari lako.