Haki ya Mzigo Wako Haina Daraja

Abiria wa daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam kwenda London hupata kiti chembamba na nafasi finyu ya miguu. Haki yake juu ya mzigo, hata hivyo, haipungui. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaozifunga Tanzania na Uingereza, umeweka kikomo kimoja cha fidia kwa kila abiria, bila kujali daraja.

Haki hiyo hupotea kwa kuchelewa kudai. Begi lisipoonekana, au likifika limeharibika, toa taarifa kwa shirika la ndege kabla ya kutoka uwanjani, na uondoke na nakala ya fomu. Tunza tiketi na kibandiko cha mzigo. Kisha lalamika kwa maandishi:

• Mzigo ulioharibika: ndani ya siku 7 tangu kuupokea.
• Mzigo uliochelewa: ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwako.
• Mzigo usiofika hata baada ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika: dai fidia ya mzigo uliopotea.

Shauri la mahakamani lifunguliwe ndani ya miaka 2.

Fedha, vito, dawa na hati zikae katika mkoba wa mkononi.

Jipime: Ulipokea begi lililopasuka Jumatatu, ukaandika malalamiko Jumatano ya juma lililofuata. Je, uliwahi?

Jibu: Hapana. Siku 9 zilikuwa zimekwisha kupita.